Matanga ya Mguu wa Mwenyekiti

Hakuna mtu aliyewahi kumchagua kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Mwenyekiti wa mtaa wetu, yule wa kura, yupo, ana mhuri wake na kiofisi chake chenye bati jipya, na watu humwita "yule mwingine". Ukisema Mwenyekiti tu, bila kuongeza neno, kila mtu wa upande wetu wa Ng'ambo anajua unamsema jirani yetu mwenye yadi ya mbao.

Naandika habari zake kwa sababu kuzisema siwezi. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikijua jibu namnong'oneza rafiki yangu alitaje yeye, apigiwe makofi yeye. Lakini nimekua ukuta mmoja na huyu mzee, kikohozi chake nimekisikia kuliko nilivyosikia redio, na mwaka huu yametokea mambo ambayo sitaki yanitoke kichwani.

Niseme kabisa mapema: Mwenyekiti ni mhalifu. Si wa kuvunja nyumba za watu. Mbao zake ni za mninga, zinatoka misitu ya kule Ipole na ndani zaidi, na nyingi hazina kibali. Huingia mjini chini ya magunia ya mkaa au nyuma ya madumu ya asali. Mtu mwingine akitaka kuingiza mbao za namna hiyo Tabora, sharti apite kwake kwanza amwamkie. Asiyepita, lori lake hukutwa asubuhi limekaa chini, matairi yote hayana upepo. Moja lilikutwa limeungua. Meza hii ninayoandikia ni ya mninga wake. Kitanda cha Mama pia. Nimesikia hata baadhi ya wanaotakiwa kumkamata wanalalia vitanda vyake, ila hilo nimelisikia tu.

Hapendi kelele. Anaongea taratibu kama mtu anayemsemesha mgonjwa, mpaka wanaume wazima wenye vifua vyao inabidi wainame wamsikie. Dereva mmoja mgeni aliwahi kumjia juu pale yadi, anafoka, anapiga boneti ngumi, sisi huku tumeacha kupepeta mchele tunasikiliza. Mwenyekiti alimngoja amalize. Halafu akamuuliza kama angependa chai au maji. Yule dereva akachagua maji, akanywa, akaanza kuomba radhi kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia amekosea. Baadaye Mwenyekiti akasema, na sasa mtaa mzima wanasema, "Anayepiga kelele ameshaanza kuomba."

Kwetu hakuibwi. Au kulikuwa hakuibwi, mpaka alipoumia. Baiskeli ya Mama iliwahi kuchukuliwa sokoni mchana kweupe. Mama hakwenda popote kulalamika. Alimwambia tu mke wa Mwenyekiti ukutani wakati wa kuanika nguo, kama mtu anayesimulia mvua. Kesho yake baiskeli ilikuwa imeegeshwa mlangoni, imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta. Tena ilikuwa na kengele. Ilipoibwa haikuwa na kengele. Mama aliiangalia ile kengele siku nzima, hajui amrudishie nani, mwishowe akaanza kuipiga.

Ukimwamkia hapiti. Hata awe na watu, hata simu iko sikioni, ukisema shikamoo anasimama, "Marahaba, mjukuu. Umekula?" na anangoja umjibu kweli. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu. Ndiyo akaniita Bibi Kimya. Alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ndiye mtu pekee mtaa huu ambaye siri yangu haijafika kwake ikatoka." Sikujua kama ananisifu au ananionya. Nadhani yote mawili.

Anaogopa paka. Nimewahi kumwona amepanda juu ya benchi, mtu ambaye jina lake tu linazima ugomvi, mpaka mkewe alipokuja na ufagio.

Na kuna hili la miche. Nyuma ya nyumba yake ana vifuko vya udongo vimepangwa kivulini, kila kimoja kina mche wa mninga. Anaimwagilia mwenyewe, hataki mtu aguse. Mingi inakufa. Inayopona anaipeleka kule kule porini anakokata. Shekhe aliwahi kumuuliza kwa utaratibu inakuwaje mkono unaokata ndio unaopanda. Akasema msitu hauna mlango, kwa hiyo unahitaji bawabu, na bawabu lazima ale. Shekhe akasema bawabu huyu anakula na nyumba yenyewe. Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa, na hakukasirika, lakini pia hakuacha.

Kaka yangu ni dereva wake. Hapo ndipo penye uzito kwetu. Kaka alimaliza kidato cha nne, hakufaulu wala hakufeli sana, akajifunza lori kwa kukaa pembeni ya madereva, na Mwenyekiti akamchukua. Tulifurahi. Paa letu likaacha kuvuja. Kisha Mama akaanza kutolala siku ambazo Kaka yuko njia ya Sikonge. Alitaka atoke, hata aendeshe bajaji, hata akalime tumbaku kwa mjomba. Tatizo ni kwamba kwa Mwenyekiti watu huingia, hawatoki. Si kwamba wanafungwa. Ni kwamba wanajua njia, wanajua majina, na mtu anayejua hivyo akisema naacha kazi, kila mtu anajiuliza anakwenda kumwambia nani. Kaka mwenyewe alikuwa akisema, "Nimwambieje, Mama? Nani amewahi kumwambia?" Na kweli, hatukumjua hata mmoja.

Masika yaliyopita lori la mbao lilikwama kwenye tope njia ya Ipole. Mwenyekiti alishuka kuwaelekeza vijana, maana yeye huenda mwenyewe akisikia mzigo ni mkubwa. Kamba ikakatika. Mbao zikamjia. Kaka hakuwemo safari ile, namshukuru Mungu, lakini waliokuwepo walimwambia kwamba mzee hakupiga kelele hata moja; aliuliza tu kama kuna mwingine aliyeumia. Hospitali walimkata mguu wa kulia juu ya goti.

Mama alimpelekea uji, nami nikabeba chupa. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Aliuliza habari za mvua, za kuku wa Mama, za mitihani yangu. Ya yadi hakuuliza. Akatuambia mguu wake umeshazikwa, shekhe amesimamia na watu wachache. "Nilimwambia asirefushe dua," akasema. "Haukuwa mguu wa swala sana." Mama akacheka na machozi yakamtoka kwa wakati mmoja.

Wakati yeye yuko kitandani, yadi ilishikwa na Katibu. Naye hakuchaguliwa na mtu. Ndiye aliyekuwa msaidizi, na kama kuna Mwenyekiti lazima kuwe na Katibu. Ni Mgogo wa Dodoma, mcheshi, anavaa vizuri, ananukia kabla hajafika. Mwanzoni alikuwa akisema "mzee kaniagiza". Baadaye akawa anasema "nimeamua". Malori yakaanza kuingia mchana. Muziki ukapigwa. Vijana tusiowajua wakakaa getini wakiita wasichana, nikawa nazunguka njia ya mbali kwenda shule. Baiskeli zikaanza kupotea, na safari hii hazikurudi. Siku moja tukamwona Katibu barazani amekaa kwenye kiti cha Mwenyekiti.

Kile kiti ni cha mninga, kimewambwa ngozi ya ng'ombe, na hakuna aliyekuwa akikikalia. Hata watoto wakicheza kombolela hawajifichi nyuma yake. Sasa Katibu amekaa, kakunja nne. Jioni akamwambia Kaka kuanzia kesho atamwendesha yeye, kwa gari la mzee. Kaka alikuja kula akiwa amejiinamia. Akikataa, vijana wa getini. Akikubali, siku mzee akirudi? Mama akamwambia akubali, aombe Mungu. Sote tulijua Mwenyekiti atarudi tu, na akirudi kutakuwa na damu, na Kaka ndiye atakayekuwa ameshika usukani.

Alirudi, akatangaza dua ya shukrani kwa kupona. Ng'ombe akachinjwa, masufuria ya pilau yakapangwa uani, majamvi yakatandikwa kuanzia barazani mpaka getini. Mtaa mzima ulikuja. Walikuja wafanyabiashara wa Kihindi wenye maduka ya misumari na rangi, wakaja warina asali kutoka vijijini, wakaja madereva na wapagazi wote. Mimi na wasichana wengine tulikuwa tunapitisha sahani, kwa hiyo nilikuwa karibu na baraza. Wazee wa zamani wa Mwenyekiti walisimama upande wa jikoni, mikono nyuma. Vijana wa Katibu walisimama getini. Kati yao ni sisi na pilau.

Mwenyekiti alikuwa bado ndani anavaa wakati gari lake lilipoingia, Kaka akiendesha. Katibu akashuka, akapita katikati ya jamvi akisalimia kulia na kushoto, akapanda barazani, akakaa kwenye kile kiti.

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Mwenyekiti akatoka kwa magongo. Chini ya kanzu lilionekana kobazi moja. Alisimama mlangoni, akamwangalia Katibu. Katibu hakuinuka. Akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini: "Mtani, nimekukalia kiti kisiingie mchwa. Nyie wapagazi mkilala sana mnasahau kubeba."

Sasa hapa inabidi niseme kidogo, ingawa kwetu mtoto huzaliwa akijua. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Utani huu ni wa tangu misafara, babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani wakapita Ugogo na kulipia maji ya visima vyao. Mtani anaweza kukuvua kofia, anaweza kusema marehemu baba yako alikuwa mwizi wa kuku, na wewe unacheka. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako. Kwa hiyo Katibu alikuwa amefikiri vizuri sana. Mzee akikasirika, ameaibika mbele ya mji. Akicheka akapita, kiti kimekwenda, na vyote vinavyokwenda na kiti. Nilimtafuta Kaka kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya gari, ufunguo mkononi.

Mwenyekiti akacheka. Akacheka hasa, mpaka gongo moja likatikisika. "Ahsante, mtani," akasema, na watu wote wakainama mbele kumsikia. "Nyie mlituuzia maji ya mvua ya Mungu. Leo umenilindia kiti bure. Mmestaarabika." Watu wakacheka kwa woga. Kisha akaongeza, taratibu vilevile, "Lakini umekuja kwenye msiba na umekaa."

Katibu akauliza msiba wa nani.

"Wa mguu wangu. Nilizaliwa nao siku moja, ukanitangulia. Umezikwa haraka, bila mtani. Leo ndiyo matanga yake." Akanyoosha mkono, watu wakamshika, akashuka akakaa jamvini, mahali anapokaa mfiwa. Akaangalia huku na huku. "Mfiwa nipo. Mtani yuko wapi?"

Wa kwanza kuelewa alikuwa bibi mmoja muuza michembe, vile viazi vikavu. Akajishika kichwa akaanza kulia kilio cha uongo, "Uwii, mguu wetu jamani, mguu uliojua njia zote za porini, umetuachia nani?" Wanawake wakapokea. Jikoni wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa Kihindi akafuta macho akauliza kama mguu umeacha mjane, akajibiwa kwamba ndiyo, yupo, ni huyu wa kushoto.

Mimi nilichelewa kuelewa. Kwenye matanga mtani hakai. Mtani ndiye anayeteka maji, ndiye anayenawisha wageni, ndiye anayesugua masufuria kwa majivu huku akitukana na kuchekesha. Huo ndio upande wa pili wa utani, na hauna hiari. Katibu mwenyewe alikuwa ameita "mtani" mbele ya watu wote. Akibaki amekaa, basi ule haukuwa utani, alikikalia kiti kwa kukitaka. Akiinuka, ameinuka.

Aliangalia getini. Vijana wake walikuwa wanacheka, wameshikana mabega. Nadhani hicho ndicho kilichommaliza. Akasimama, akasema neno la mzaha ambalo halikusikika, akachukua birika na beseni, akaanza kunawisha, kwanza mfiwa. Maji yakamwagikia kanzu ya mzee. Nilikuwa hapo na sahani zangu, nikamsikia Mwenyekiti akimwambia kwa upole, "Polepole, mtani. Maji haya hatulipii."

Kiti kikabaki wazi. Nikadhani sasa atakikalia. Badala yake akamgeukia mama yangu, akamwita mama kwa Kinyamwezi. "Mayo, umesimama tangu asubuhi. Kaa pale." Mama akakaa kwenye ncha kabisa, kama aliyekalia mayai, akala pilau yake hapo mbele ya mji mzima. Naye Mwenyekiti alikula jamvini, amejaa furaha, akiutajia marehemu mguu wake sifa moja baada ya nyingine.

Baada ya dua alimnyooshea Kaka mkono. Kaka akampa ufunguo. Mzee akaushika kidogo, akamrudishia. "Utaniendesha mimi. Nataka niwe nakuona." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona Mama anaacha kutafuna.

Katibu alipelekwa Nzega kusimamia duka la misumari. Akija huku bado wanataniana. Baadhi ya vijana wa getini hawakuonekana tena. Wanasema wamerudi kwao. Sikuuliza, na Mama naye hakuuliza. Muziki ukazimwa. Nikaanza tena kupita njia ya karibu. Ni aibu kuiandika, lakini ndiyo kweli: tulilala vizuri, isipokuwa kwa habari ya Kaka. Sasa alikuwa karibu na mzee kuliko zamani, anasikia simu zote, anajua kila kitu. Mama alisema ametoka kwenye lori akaingia mfukoni.

Mara ya mwisho kukutana naye uso kwa uso ilikuwa likizo hii. Mama alinituma kwa shangazi, nikakata kupitia uwanja wa shule ya msingi, ambao likizo huwa mtupu. Nikamwona Mwenyekiti amekaa chini katikati ya uwanja. Gari liko mbali, nyuma ya madarasa; alimwambia Kaka asimfuate. Alikuwa anajifunza mguu wa bandia mahali pasipo na watu, na alikuwa ameanguka. Gongo limerukia mbali. Kanzu ina vumbi mpaka begani.

Nilitaka kugeuka. Akaniona. "Bibi Kimya," akasema, "nipe hilo gongo."

Nilimpa. Nikampa na bega. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Alipokwisha kusimama akajipangusa, akavuta pumzi, akauliza, "Umekula?"

Sijui kilichonipata. Badala ya kutikisa kichwa nikasikia sauti yangu inasema, "Babu, Mama anataka Kaka aache kazi. Na mimi nataka."

Aliangalia kule alikoangukia, akaangalia kama kuna mtu mwingine uwanjani, akaniangalia mimi. Ndipo nikaelewa anachofikiri, nikaanza kusema si hivyo, sitamwambia mtu kama ameanguka, akikataa pia sitasema. Maneno yalinitoka mengi kuliko ya mwaka mzima.

"Nilidhani hujui kusema," akanikatiza. "Kumbe ulikuwa unangoja nianguke."

"Hapana, babu."

"Ungesema ndiyo ningekuheshimu zaidi." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa bado yananipima. "Mama yako amekutuma?"

"Hajui."

Akapiga hatua moja, akasimama. Akapiga nyingine. Nilitembea pembeni yake bila kumgusa mpaka tulipofika kwenye kivuli cha madarasa. Akasema Kaka ni dereva mzuri, hakimbizi gari, hasemi hovyo. Akasema hajawahi kumwachia mtu, kwa sababu ukimwachia mmoja wengine wanadhani mlango uko wazi. Nikadhani ndiyo amekataa. Halafu akasema, kama anamwambia mgonjwa, "Kesho asije. Wakiuliza, nitasema nimemfukuza kwa uvivu. Na yeye aseme hivyo hivyo, hata kwa mchumba wake."

Nilisema ahsante. Akasema, "Sasa nyamaza tena. Ilikuwa inakupendeza."

Nyumbani sikueleza vizuri, nilimwambia Mama tu kwamba kesho Kaka haendi. Hakuniamini. Kaka alirudi jioni amechanganyikiwa, ametukanwa mbele ya yadi nzima, ameitwa mvivu na mzigo, amenyang'anywa ufunguo. Mama akakaa chini papo hapo alipokuwa amesimama.

Asubuhi Mama aliamka mapema kama kawaida, akasimama nyuma ya mlango na kanga yake. Kila alfajiri lori la kwanza la yadi likipita kwetu hupiga honi kumwamsha Kaka aende kazini. Tukalisikia linakuja. Likapunguza mwendo mbele ya nyumba, injini ikinguruma kwa chini, kisha likapita kimya na kuchukua barabara ya Sikonge. Mama alibaki amesimama mpaka mlio ulipoisha. Halafu jogoo akawika chini ya dirisha la Kaka, na Mama akatoka mbio na kanga mkononi kumfukuza aende akawikie kwa watu.